Maboksi Matupu

Kwanza nikupe siri ya duka:
yale maboksi rafuni yalikuwa matupu.
Diski zenyewe zililala nyuma ya kaunta,
kila moja na bahasha yake,
zimefungiwa kama mitihani ya taifa.
Wezi wa Rochdale walijifunza hilo kwa uchungu.
Mmoja alitimka mvuani na maboksi sita kwapani,
kesho yake akarudi, haya na hasira vimemjaa,
kuuliza kama tunaweza kumbadilishia.

Miaka minane nilisimama pale, Yorkshire Street,
kati ya duka la pai na duka la mitumba ya hisani,
kibandiko kifuani: MBWANA.
Hakuna aliyeliweza jina hilo. Wakaniita Bwana.
Nikapandishwa cheo kwa kupungukiwa herufi.

Jumamosi moja Rhys Ogden,
vidole vyekundu kwa baridi,
alimwaga sarafu juu ya kaunta, za shaba tupu,
tukahesabu wawili, tukakosea, tukaanza upya,
foleni ikiguna hadi mlangoni.
Zilipungua peni arobaini. Nikazitoa mfukoni mwangu.

Usinisifu.
Wiki tatu baadaye aliirudisha gemu ileile kuiuza,
nami kwa sauti ya kampuni nikamwambia: pauni tatu.
Alitazama kaunta. Akazipokea.
Kabla hajafika kituo cha basi
tulishaibandika bei mpya, kumi na saba.
Biashara asubuhi, na jioni mahesabu.

Kulikuwa pia na Bi Entwistle, themanini na ushei,
aliyetaka “ile ya mbweha” kwa mjukuu wake.
Hatukuwa na gemu ya mbweha.
Tuliitafuta saa nzima,
tukapitia ndoa yake, goti lake, bei ya gesi,
akaondoka na ya matrekta.

Duka lilifungwa Februari.
Rafu zilipata wateja kabla ya gemu.
Sasa pale wanapaka watu rangi za kucha.

Nami nikitoka zamu ya bohari saa nane usiku
sitamani koti, sitamani basi.
Nabonyeza.
Mstari wa kijani unatambaa kama kiwavi juu ya jani:
asilimia arobaini, arobaini na moja.
Hakuna foleni. Hakuna anayekosea kuhesabu.
Bei nusu, na jina langu limeandikwa sawasawa,
M na B na yote yaliyobaki.
Raha, sikatai.
Nina gemu mia mbili na kumi na nne
na hazijazi hata kiganja.

Usiku mmoja kiwavi akagoma njiani.
Kwa kukosa la kufanya nikasoma yale masharti
ambayo sote huapa tumeyasoma.
Kifungu cha tisa: hujanunua, umeruhusiwa.
Wameandika kurasa thelathini na moja
kwa jambo ambalo kwetu lina maneno manne:
nguo ya kuazima haisitiri matako.
(Manne, au matano. Ulimi wangu ni wa kaunta, kuhesabu hukosea.)

Mei moja ikatoweka.
Ile ya reli, niliyoijengea stesheni mia na daraja la mawe.
Hakuna aliyekimbia mvuani.
Hakuna aliyerudi kesho yake na haya usoni.
Mahali pake, mraba wa kijivu.

Nyuma ya kabati ninayo moja ya zamani.
Jalada limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito:
RHYS OGDEN, DARASA LA SITA, USIGUSE.
Niliinunua siku ya mwisho, pauni kumi na saba,
punguzo la mfanyakazi nilikataa.
Kompyuta yangu mpya haina hata tundu la kuitia.

Ila boksi hulifungua mara mojamoja,
mazoea ya kazi, kuhakikisha.

Imo.