Daraja la Nne

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, nje kidogo ya Ibra,
Biju anagonga jiwe jeusi kwa nyundo.
Jiwe linalia kama sufuria tupu.
Naandika: daraja la kwanza, jenga upendavyo.

Hatua mia tatu kusini, nchi inabadilika bila hodi.
Changarawe imegandana, chokaa imeishika kwa meno.
Sururu inaruka, kiganja kinawaka moto.
Daraja la pili.
Kisha mchanga wa upepo, ule unaohama usiku bila kuaga:
la tatu, na alama ya kuuliza,
maana buti langu limezama hadi kwenye kamba.

Katika picha iliyopigwa kutoka angani
vyote hivi ni kijivu. Kijivu cha paka, kijivu cha jivu.
Ndiyo maana tunatembea.

Bi Shinuna amefika na pikapu, chupa ya kahawa,
vigingi vinne vya chuma na uzi wa buluu.
Kiwanja namba sitini na moja, cha wanawe pacha.
Ananisikia lafudhi, anacheka:
"Kumbe wa kwetu! Basi nipimie vizuri, mwanangu.
Tazama palivyo, tambarare kama mkeka."

Tambarare, kweli.
Sikumwambia nani aliyeutandika.

Nikachuchumaa. Mawe ya mviringo, hayana hata kona moja,
yameegemeana safu kwa safu
yote yameinamia kule milimani.
Biju akanigusa bega, akaonyesha juu:
kwenye tawi la mgunga, gunia la mchele,
limekauka, limechanika, bado lina picha ya tausi.
Nikanyosha mkono na nyundo mkononi.
Sikulifikia.

Ofisini Maskati watataka tarakimu tu.
Nne. Penseli nyekundu, mistari ya mshazari,
ikakata uzi wa buluu katikati.

"Hiyo nyekundu ndiyo nini?"
"Ni njia, bibi. Ina mwenyewe."
Akageuka kulia, akageuka kushoto:
vumbi, mbuzi wawili, jua.
"Mbona simwoni?"
"Kasafiri."

Akanyamaza. Akanimiminia kahawa, finjani ya pili, ya tatu,
mpaka nikaitikisa kumwambia basi.
Vigingi hakuving'oa.
Alikikaza kimoja kwa kisigino,
kile cha karibu na mgunga,
kisha akasimama akilitazama gunia.