Jino Moja Nyuma

Shaame huingia alfajiri, mie hutoka saa moja kasorobo.
Yeye usiku kucha yuko Wesha na mitambo ya umeme,
mie mchana kutwa Wete, maabara, na vichupa vya damu za watu.
Gari moja, kiti kimoja, wenyewe wawili
tusioonana hasa mpaka Ijumaa.

Basi tunajuana kwa kiti.

Kila asubuhi hapa Machomane nakikuta nyuma kabisa,
kimelala kama mtu aliyeshiba futari,
breki iko Mkoani.
Natia mkono chini, nashika kile chuma baridi,
navuta: ka, ka, ka,
meno manane, mpaka goti likunjike linavyotaka.
Nalinyanyua egemeo. Nakiinamisha kioo
kilichobaki kutazama urefu wa mume wangu.
Egemeo likilala sana, najua usiku ulimchosha.
Nikikuta maganda ya njugu, najua umeme haukukatika.

Na mkanda!
Zamani nilikuwa naufunga mtupu, kisha naukalia,
kengele inyamaze,
nikidhani nimeidanganya gari.
Akaniona Ijumaa moja, mie naendesha, tunakwenda Konde harusini.
Akanambia simama.
Akaufungua, akaunyoosha ulipojipinda,
akaulaza juu ya mtulinga, si shingoni, si chini ya kwapa,
na ule wa chini akauvuta ukakaa kwenye mfupa wa nyonga.
"Tumbo ni nyama," alisema. "Mfupa ndio uzuiao.
Umeme na barabara haviji kwa hodi."
Nilinuna mpaka Konde,
na pilau ya watu sikuisifu.

Mfunguo Nne nilijipima mwenyewe,
mlango wa maabara nimeutia komeo.
Sikumwambia mtu.
Ile ya mwanzo niliitangaza mapema,
nikaja kuifuta mdomoni mwa watu, nyumba kwa nyumba.
Hii niliimeza.
Tumbo halikuonekana. Woga ndio uliotangulia.
Asubuhi ile nilikivuta kiti meno saba,
nikaacha vidole viwili zaidi baina yangu na usukani,
mkanda wa chini nikaushusha, ukapita chini kabisa,
chini ya kitu kisichozidi ndimu.

Jino moja. Nani angejua?

Lakini Shaame huhesabu.
Kila magharibi hukisukuma kiti kurudi kwake,
na mkono wa fundi umeme unajua
manane yakiwa saba.

Siku ya nne nilifungua mlango nikashtuka,
nikadhani kuna mtu mwengine kaichukua gari:
kiti kiko mbele.
Si mbele ya zamani. Meno saba.
Nilipoinama nikaona, kwenye reli, pale pale,
kipande cha utepe mweusi wa mafundi
kimebandikwa kuwa alama.
Na pale juu, kwenye nguzo ya mlango,
mkanda umeteremshwa tundu mbili,
ukanijia begani bila kunigusa shingo,
ukapita katikati ya kifua, ukatulia.

Ndani ya nyumba Shaame alikuwa akikoroma,
au akijikoromesha.
Sikumwamsha.

Mkaja una siku zake, Mungu akijaalia.
Kwa leo ni mkanda.
Nilipotia ufunguo, yule bibi wa Kijapani aliyemo ndani ya redio
akasema maneno yake yale yale, miaka mitatu hatujayajua,
na mie kwa mara ya kwanza nikamwitikia:
"Naam. Wawili."
Nikaenda Wete polepole, malori yakanipita, nikayaacha yapite.

Jioni, niliporudi, kabla sijateremka,
nilitia mkono chini nikakisukuma kiti nyuma,
ka, ka, ka, mpaka mwisho wa reli,
egemeo nikalilaza anavyopenda,
kioo nikakielekeza juu kwa kukisia,
maganda ya njugu nikayapangusa.
Nikamtandikia.