Andikeni na Namba ya Toleo

Tartu, Februari, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Makoti yamerundikwa kwenye viti vya nyuma,
theluji yake inatoka jasho juu ya zulia.
Nina washiriki kumi na mmoja, kompyuta tisa,
na birika la kahawa linalonguruma kunishinda mimi.

Naanza na habari, kama ilivyo desturi.
Toleo la mia na kumi na mbili limetoka Jumapili usiku.
Jeni mia mbili na sita zimehamishwa makazi,
kumi na nane zimeunganishwa na majirani zao,
na moja, ambayo watu wameiandikia tasnifu,
imefutwa. Haikuwahi kuwapo.
Lilikuwa kosa la kusoma tu,
doa la wino tulilolipa jina.

Wanacheka. Urmas hacheki.
Yeye ni daktari wa mifugo kutoka Võru,
vidole vyake vimezoea kuvuta ndama gizani,
si kubonyeza kitufe kidogo kama punje ya shayiri.
"Na ng'ombe wangu je, naye kahamishwa?"
Namwonyesha orodha ya viumbe:
panya, kuku, samaki milia,
ng'ombe (yupo, tulia), chachu ya mkate, binadamu.
"Kumbe tumefungwa zizi moja," anasema.

Herufi ni nne tu, nawaambia.
Kwa herufi nne huwezi hata kuomba chumvi,
lakini hizi zimeandika figo, zimeandika kope,
zimeandika namna baba yako alivyopiga chafya.
Bilioni tatu, bila nukta, bila aya.
Msitafute kwa macho, mtapofuka.
Tafuteni kwa anwani.
Na kila mkiandika anwani,
andikeni na namba ya toleo.
Nalisema hili mara tatu kwa siku, kama dozi.

Baada ya kahawa, Piret,
aliyekaa karibu na makoti na hajauliza neno tangu asubuhi,
anatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi
iliyokunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu.
Kromosomu ya saba, kisha tarakimu tisa,
mwandiko wa daktari wa miaka kumi na minne iliyopita.
Anaandika polepole. Anabonyeza.
Jangwa.
Hakuna jeni, hakuna hata kivuli cha jeni.
"Imepotea?"
Sauti ya mtu aliyerudi akakuta nyumba haipo.

Haijapotea, mama. Mtaa ndio uliopewa namba upya.
Kipo chombo cha kutafsiri anwani za kale:
weka ya zamani hapa, ngoja, ya leo itatokea huku.
Inatokea.
Herufi moja, T palipostahili C,
ambayo mwanawe Kaarel aliirithi kwake,
si kwa baba. Hilo aliambiwa wazi,
na amelibeba kama ndoo iliyojaa
asiyeona pa kuitua.

Chini yake, safu ya maana.
Zamani palisomeka: huenda ni chanzo cha ugonjwa.
Leo, kwa kijani hafifu:
haina madhara, imetazamwa upya.

Nimefundisha kozi hii miaka saba.
Nina slaidi ya karibu kila kitu.
Kwa uso ule sina slaidi.
Maana mtoto bado anaumwa,
miguu bado inamsaliti kwenye ngazi,
ila sasa hakuna wa kushtakiwa,
na mlango ambao jibu lilikuwa limeufunga
umebaki wazi, baridi inaingia.
Urmas anainuka, anammiminia kahawa,
anaweka sukari bila kuuliza,
anarudi kwa ng'ombe wake.

Saa kumi jioni nagawa fomu za maoni.
Kasi ya mafunzo? Chumba kilikuwa na joto?
Umejifunza nini leo?
Wengine wanajaza aya nzima, wanageuza na ukurasa.
Piret anaandika mstari mmoja, kwa penseli:

Si mimi. Toleo la 112.