Zamu ya Maji

Bi Rayya wa Ibra ameiweka simu juu ya kaunta
kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa.
Betri nilimtilia mpya wiki jana, riali saba,
na leo, baada ya sasisho la usiku,
simu imeandika: Betri hii haitambuliki,
kisha ikanyamaza.

"Nani asiyeitambua?" ananiuliza.
Kampuni, namwambia. Waliofinyanga mwili
ndio hao hao waliopuliza roho,
na roho haitaki kiungo cha mgeni.

Shaji, wa meza ya pili, anacheka na bisibisi mdomoni.
Kwake ndivyo inavyopasa.
Miaka ishirini ya Ruwi imemfundisha methali zetu:
manahodha wawili, chombo huenda mrama.
Kioo na mfumo vikitoka mkono mmoja
havitupiani lawama,
na simu ya miaka sita bado inaletewa dawa zake.

Nami nafungua droo ya chini, makaburini kwangu.
Simu kumi na moja. Vioo havina hata mkwaruzo.
Waliozitengeneza walizikodishia roho kwa jirani;
jirani akachoka na toleo lile,
kiwanda kikasema, kamuulizeni yeye,
yeye akasema, kiwanda hakikuniomba.
Zilikufa zikiwa na afya njema.

Basi, Shaji, umeshinda?

Ngoja.

Kwetu Birkat al-Mawz, babu mzaa mama
alikuwa na mitende arobaini, na maji hana.
Shamba lake, maji ya watu.
Alikodi nusu saa ya falaji kila siku ya nane,
akipimiwa kwa kivuli mchana, kwa nyota usiku,
na alilalamika mpaka siku aliyokufa.
Lakini mgawa maji alipomwibia zamu
alisimama sablani, akamtaja kwa jina,
na daftari likafunguliwa mbele ya kila mtu.

Thuwaini, wa ng'ambo ya ukuta, alikuwa na vyote,
shamba na chemchemi.
Mtu mkarimu. Wapangaji wake hawakupimiwa kitu.
Ila mwaka aliokasirika
akaziba mfereji kwa matambara na jiwe,
nao wakaitazama migomba ikikauka,
wala hapakuwa na daftari la kufungua.

Sijui, Shaji. Wallahi sijui.
Siku nyingine namtaka mwenye yote, mwenye huruma;
siku nyingine nawataka wawili wanaoogopana.

Bi Rayya hakuja kutusikiliza.
Amekuja na sauti kumi na nne za marehemu dada yake,
Kiswahili cha Bububu, mle ndani:
umekula? umelala? mbona hupigi?
Hakuzihifadhi pengine. Hakujua kuna pengine.

"Simu nimeinunua mimi, mwanangu," anasema,
"kwani mimi ni nani kwake?"

Nachomeka waya.
Kiduara kinatokea, kinazunguka, kinazunguka,
kama mtumwa wa nyumba kubwa
aliyekwenda ndani kuomba ruhusa.