Hereni Kwenye Leseni

Kadi yangu ilikufa Jumapili,
tarehe imeandikwa wazi pembeni mwa uso wangu,
na Jumatatu alfajiri nikawasha kirikuu,
trei arobaini za mayai nyuma, kutoka Naliendele,
maana kuku hawasomi tarehe.

Sikuzembea. Naomba hilo lijulikane.
Nilikwenda wiki tatu kabla,
nikalipa kwa namba ndefu kama uzi wa tasbihi,
nikabonyeza vidole kumi juu ya kioo chao,
vidole vya grisi, kioo kikavikataa mara mbili,
kijana wa dirishani akasema, Mama, kanawe.
Nikanawa. Kikanitambua.
Kisha akasema kadi hakuna,
mashine ya kuchapia inangoja kipuri.
Shika karatasi hii, uendeshe.
Leseni ipo, mama. Kadi ndiyo haipo.

Maneno hayo niliyatafuna hadi Mikindani na kurudi.
Leseni ipo, kadi haipo.
Kama wanavyokwambia mashangazi:
ndoa ipo, mume ndiye hayupo.
Hilo silihitaji kufafanuliwa.

Karatasi nikaiweka mbele, chini ya kioo,
kila mwenye macho aione.
Aliyeiona zaidi ni jua.
Lilisoma asubuhi, likasoma mchana, halina haraka,
likaanza na saa, likaja kwenye kiasi,
likamfuta baba yangu, Mfaume,
likaufuta ukoo wa Nampota wote,
nikabaki Somoe,
na siku ya nane nikabaki Som.

Njia panda ya Mangamba,
mkono mweupe ukanyooka.
Koplo Hokororo; jina lilikuwa kifuani, adabu ilikuwa usoni.
Akaitazama picha, akanitazama mimi,
akarudi kwenye picha.
"Huyu ana hereni."
Alikuwa nazo, afande. Ziliuzwa Masasi
zikawa gia boksi. Ndiyo hiyo unayoisikia inakoroma.
Nilidhani atacheka.
"Muda umekwisha," akasema, "tangu juzi."
Nikampa karatasi.
Akaiinua juu kwenye jua,
jua lilelile lililoila,
akaigeuza, akaigeuza tena.
"Mama, umenipa karatasi tupu."

Nyuma yetu lori la simenti likapiga honi.
Jasho likanishuka mgongoni kama mtu aliyekosa,
na sikukosa. Ndicho kilichonichoma:
kuwa na haki, na haki yenyewe haina wino.

Nikafumba macho nikaanza kusema.
Tisa, tisa, moja, sifuri, nne.
Namba yote. Niliilipia, ningeisahauje?
Mtu hulisahau deni alilodaiwa,
halisahau alilolipa.
Nane, nane, mbili.
Yeye akibonyeza kwenye kile kimashine chake,
mduara ukizunguka, mtandao wa Mangamba unaujua,
ukizunguka,
trei ya juu kabisa ikaanza kuteleza
nikaikamata kwa kiwiko bila kufumbua macho.
Saba. Tatu.

"Somoe Mfaume Nampota," akasoma.
Taratibu, jina zima, barabarani, mbele ya lori.
Sijui kwa nini koo lilinikaba.
Baba alirudi, na ukoo ukarudi nyuma yake.
"Umelipa. Nenda. Na hizi karatasi, mama,
zipige kopi siku ileile. Joto ndiyo kifo chake."

Chikongola nikapiga kopi ya ile iliyobaki,
kopi ya weupe, shilingi mia,
yule binti wa mashine akaniangalia, hakuuliza.
Nyuma yake nikaiandika namba kwa kalamu ya wino.
Mayai yaliyopasuka ni mawili tu.

Kadi bado haijafika. Kila Ijumaa naipitia.
Picha mpya walishanipiga, niliiona kwenye skrini:
masikio matupu,
na nitakaa hivyo miaka mitano
hata nikizinunua kesho.