Herufi Ishirini na Moja

Jani lilifika Lima ndani ya kopo la maziwa ya unga,
limeviringwa kwa gazeti lililoloa,
na juu yake mwandiko wa mama, wa penseli:
"Hili ni la kile kiazi cha kumliza mkaza mwana. Litazame."

Kwetu Huancavelica, mchumba hupewa kiazi hicho,
kina vinundu na mikunjo kama ngumi ya mtoto mchanga,
akimenye chote bila kukikata.
Mimi nilikikata.
Sikuolewa. Nikasoma biolojia.

Jani lilikuwa na madoa ya manjano,
duara ndani ya duara,
kama alama za vikombe juu ya meza isiyofutwa.
Nililitwanga kwenye kinu kidogo cha kauri,
moshi baridi wa naitrojeni ukinipanda viwikoni,
na dirishani ukungu wa Julai
uliokataa kuwa mvua, ukakataa pia kuondoka.

Mama, nilitaka kukuambia hivi
kabla salio halijakatika:
kirusi si mdudu. Ni barua
ya herufi nne tu, imevaa koti la protini,
imepita kwenye tundu alilotoboa kidukari.
Ikifika ndani ya seli huamuru: ninakili.
Na seli, kwa ukarimu wake wa kipumbavu, hunakili.

Ila barua ikinakiliwa hulaliana na kivuli chake,
uzi juu ya uzi,
na jani halijazoea kuona nyuzi zimelala hivyo.
Hapo mkasi huamka.
Kacha. Herufi ishirini na moja.
Kacha. Ishirini na moja.
Kacha, ishirini na mbili (mkono umeteleza),
kacha, ishirini na moja.

Hakuna damu. Hakuna mbio.
Jani halina miguu wala pa kukimbilia,
ndiyo maana likajifunza kusoma.

Kila kipande hukabidhiwa mlinzi,
akakishika kama picha ya mtu anayesakwa,
akizunguka seli nzima akilinganisha:
si wewe, pita. Si wewe. Pita.
Wewe.

Vingine hupenya vijitundu vya ukuta,
seli hadi seli, vikapanda na utomvu
kuyaonya majani ambayo hayajachipua.

Kirusi nacho si zuzu. Huja na mnyang'anyi wake
wa kuvikumbatia vile vipande na kuvificha kwapani.
Nimeyaona mashamba ambako kilishinda.
Hata magugu yalikuwa yameinama.

Saa nane usiku mashine ilimaliza.
Vipande milioni tisa.
Teodosio Huarcaya, kichwa juu ya koti lake, aliamka akauliza,
"Ni kile cha zamani?"
Sikumjibu. Kompyuta ilikuwa ikiunga
mkia wa hiki na kichwa cha kile, pale vilipolaliana,
kama tulivyounga mimi na mama, juu ya blanketi,
ile barua ya Eleuterio kutoka mgodini
aliyoichana baba kabla ya kuimaliza.
Siku tatu tulitambaa sakafuni.
Kipande kimoja hatukukipata,
kile chenye jina la mji.

Hii nayo ilikuja karibu nzima,
imepungua nchani tu, huku na huku.
Tukaipeleka kwenye hazina ya virusi vyote vinavyojulikana.
Hakuna kilichofanana nayo.
Kumbe jani lilikuwa limekwisha kumjua mgeni
wiki nyingi kabla yetu;
sisi tuliokota tu makombo ya usomaji wake.

"Kina jina?" mama aliuliza.
"Bado."
"Ugonjwa gani huo usio na jina."
Kisha akasema, huku akitafuna kitu,
kwamba shina lilelile limetoa majani matatu mapya juu,
mabichi, hayana doa, tangu Jumapili,
na nikitaka atanitumia moja.

Nikamwambia atume.
Nikamuuliza kama kopo lingine analo.