Kibali

Ofisi ya kaunti hufunguliwa Jumanne na Alhamisi,
nyuma ya kituo cha zimamoto.
Bi Tvedt akavaa miwani, akauliza:
choo kitakaa wapi? Na ardhi yako,
hunywa maji kwa kasi gani?

Sijui. Nimeinunua; sijawahi kuinywesha.

Basi nikachimba shimo, nikamwaga ndoo,
nikachutama na rula katika upepo wa Nebraska
kama muuguzi ahesabuye mapigo.
Dakika arobaini, inchi moja.
Udongo ulimeza taratibu,
mithili ya mgeni anayeogopa kumaliza chai.

Leo muhuri umegongwa. Dola mia mbili na kumi.
Karatasi lazima ionekane kutoka barabarani,
nami sina dirisha, sina mlango;
nimeipigilia kwenye kigingi, ndani ya mfuko wa mkate.
Ndio ukuta wangu wa kwanza.
Unapepea.